Upepo wa kompresa si wa kuchezea: Tundu dogo linaweza kuficha jeraha kubwa

PENYE barabara na bodaboda hapakosi fundi pancha, na siku hizi penye fundi pancha hapakosi kompresa. Mlio wake unasikika Songea mjini, Namtumbo, Tunduru na hadi vijijini kama Mbesa. Anayejaza upepo tairi la baiskeli, anayepuliza uchafu kwenye kabureta na anayepiga rangi mageti, wote wanategemea mpira ule ule unaotoka kwenye tangi.

Zamani kazi ya kujaza upepo ilifanywa kwa pampu ya mkono au ya mguu. Pampu ile ilichosha, lakini ilikuwa na kinga yake: nguvu iliyoingia kwenye tairi ilikuwa nguvu ya misuli ya mtu. Mambo yamebadilika. Laini kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na Songea ikaanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Miradi ya REA nayo imeendelea kusogeza nguzo vijijini. Umeme ukifika, mashine hufuata, na kompresa ni moja ya mashine anazozikimbilia kijana anayetaka kujiajiri.

Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mashine imefika kabla ya elimu yake. Mzazi anajua kumkataza mtoto asichezee moto, kisu wala waya wa umeme. Ni wachache wanaomkataza asichezee upepo, kwa sababu upepo haukati, hauunguzi na hauonekani. Hata hivyo, madaktari wa upasuaji katika nchi mbalimbali wamewapokea wagonjwa waliopasuka utumbo, waliovimba uso na shingo, na wengine waliopoteza maisha kwa upepo uliotoka kwenye mpira wa kompresa.

Leo tuangalie upepo huo unavyoumiza mwili, dalili za hatari, hatua za kuchukua na namna ya kuitumia mashine hii bila kuleta msiba.

Nguvu iliyomo ndani ya tangi

Ukisoma geji ya fundi utaona kipimo kinachoitwa psi. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hadi 35 hivi. Tangi la kompresa ya kawaida ya gereji hubeba hadi baa 8, ambazo ni takriban psi 115. Tairi la lori nalo hujazwa psi 100 au zaidi.

Sasa linganisha na mwili. Vipimo vya kitabibu vinaonyesha kwamba utumbo mpana wa binadamu unaweza kupasuka kwa msukumo wa karibu psi 4 tu. Mapafu ni laini zaidi na hayahitaji hata kiasi hicho. Maana yake ni kwamba tangi linalotumika kujaza tairi la pikipiki lina nguvu zaidi ya mara 25 ya ile inayotosha kupasua utumbo.

Kuna jambo la pili, nalo ni muda. Upepo hutoka kwenye tangi kwa kasi kubwa, hivyo sekunde moja au mbili zinatosha kuleta madhara. Aliyeelekezewa mpira hapati nafasi ya kusema "acha".

Ndiyo maana nchini Marekani sheria ya usalama kazini hairuhusu upepo unaotumika kusafishia vifaa kuzidi psi 30, na hata hapo lazima kuwe na kinga ya kuzuia vumbi na vipande visimrukie mtu.

Upepo unavyoingia mwilini

Njia ya kwanza ni ngozi. Ngozi nzima huzuia upepo kwa kiasi, lakini ngozi yenye mchubuko, kidonda au tundu ni mlango ulio wazi. Upepo ukipenya husambaa chini ya ngozi, hutenganisha nyama na kusafiri mbali na pale ulipoingilia. Mwaka 2011 nchini New Zealand, dereva mmoja wa lori aliteleza akaangukia kichwa cha chuma cha mpira wa upepo, kikamchoma kwenye kalio. Upepo wa psi 100 ulimwingia na mwili wake ukavimba kama puto hadi usoni. Alipona baada ya kulazwa hospitali, na alipona kwa sababu wenzake walifunga upepo haraka na akapata matibabu bila kuchelewa.

Upepo ukiingia kwenye mshipa wa damu hatari huwa kubwa zaidi. Mapovu ya hewa yakifika kwenye moyo, mapafu au ubongo huziba njia ya damu. Mtu anaweza kupoteza fahamu, kupooza au kufariki dunia ndani ya dakika chache.

Njia ya pili ni macho na masikio. Upepo hurusha chembe za chuma, mchanga na kutu, nazo huchoma jicho na zinaweza kulitia upofu. Upepo wenyewe unaweza kupenya pembeni mwa jicho na kuvimbisha sehemu yote inayolizunguka. Sikioni, mpulizo mmoja unatosha kupasua ngoma ya sikio.

Njia ya tatu ni mdomo na pua. Mtoto anayeona mpira ukitoa upepo baridi wakati wa jua kali anaweza kuuweka mdomoni, kama anavyofanya kwenye bomba la maji. Mpira huo hupeleka msukumo moja kwa moja kwenye mapafu na tumbo.

Njia ya nne ni ile watu wanayoona haya kuitaja, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoficha vifo. Tutaitaja waziwazi.

Utani unaoua

Katika gereji na viwanda vya nchi nyingi kumekuwa na mchezo mbaya. Wafanyakazi wakiwa wanapulizana vumbi mwishoni mwa siku, mmoja humwelekezea mwenzake mpira makalioni ili kumshtua. Wengine hudhani kwamba nguo inamkinga. Haimkingi. Upepo hupita kwenye suruali, huingia kwenye njia ya haja kubwa na kuufikia utumbo mpana hata kama mpira haujagusa mwili.

Anayeumizwa mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote: kijana mwanafunzi, aliyetumwa soda, ambaye hawezi kuwakemea wakubwa zake.

Nchini Bangladesh jambo hili lilifika mahakamani. Agosti 2015 katika jiji la Khulna, mvulana aliyekuwa akifanya kazi gereji aliingizwa upepo wa kompresa kwa njia ya haja kubwa na akafariki dunia siku hiyo hiyo. Watu waliohusika walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, katika wilaya ya Narayanganj, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa kwenye kiwanda cha nyuzi alikufa kwa namna hiyo hiyo. Watoto hao wawili hawakuwa wagonjwa. Asubuhi walikuwa wazima.

Kwa hiyo fundi mkuu yeyote anapaswa kuweka sheria moja isiyojadiliwa: mpira wa upepo hauelekezwi kwa mtu, iwe kwa utani, kwa kumfuta vumbi au kwa kumpoza joto. Vumbi la nguo hukung'utwa kwa mkono au kwa brashi.

Dalili zisizopaswa kusubiri asubuhi

Baada ya ajali ya upepo, mgonjwa anaweza kuonekana wa kawaida kwa muda. Damu inaweza isitoke, au itoke kidogo tu. Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Mkimbize hospitali ukiona moja ya haya:

Tumbo kuvimba ghafla, kukaza kama ngoma na kuuma. Maumivu yanaweza kufika hadi begani.

Kushindwa kuvuta pumzi vizuri, au kupumua harakaharaka.

Kutoka damu kwenye njia ya haja kubwa.

Uso, shingo, kifua au mkono kuvimba, na ukigusa ngozi unasikia kitu kinachokwaruza kama unabonyeza mfuko wa nailoni. Hiyo ni hewa iliyonaswa chini ya ngozi.

Kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kuzimia, degedege au upande mmoja wa mwili kukosa nguvu.

Jicho kuuma, kuona ukungu au kutoa damu. Sikio kutoa damu au kutosikia.

Homa na maumivu ya tumbo yanayoongezeka saa chache baadaye. Hii ni dalili kwamba uchafu wa utumbo umemwagika tumboni na maambukizi yameanza.

Na hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizi, mtu aliyeingiwa na upepo kwenye jeraha, mdomoni au kwa njia ya haja kubwa anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Hatua za kuchukua

Kwanza, zima mashine na uufunge upepo. Usimguse majeruhi kabla ya kuhakikisha hajashikwa na umeme.

Pili, mwache apumzike katika mkao anaopumua vizuri. Anayelalamikia tumbo na pumzi huona nafuu akiinuliwa kidogo kifua. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, huku ukiangalia pumzi yake.

Tatu, usimpe chakula wala kinywaji, hata maji au dawa ya kienyeji. Huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lenye chakula huongeza hatari wakati wa dawa ya usingizi.

Nne, usimkande tumbo, usijaribu kutoa upepo kwa kumbonyeza na usimpige bomba kwa njia ya haja kubwa. Kama utumbo umepasuka, kufanya hivyo kutasambaza uchafu zaidi.

Tano, jeraha la ngozi lifunikwe kwa kitambaa safi. Kitu kilichochoma jicho kisitolewe wala jicho lisisuguliwe. Lifunike bila kulibana.

Sita, mpeleke kwenye hospitali yenye eksirei na chumba cha upasuaji. Zahanati inaweza kumwekea dripu na kuandika rufaa, lakini utumbo uliopasuka haurekebishwi kwa dripu. Wakazi wa Mbesa wana hospitali ya misheni hapo hapo. Wa Tunduru wana hospitali ya wilaya. Na Songea kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, HOMSO. Anayeishi mbali asisubiri kuona kama kutapoa. Utumbo uliopasuka ukishonwa mapema mgonjwa ana nafasi nzuri ya kupona. Ukichelewa, sumu ya maambukizi huingia kwenye damu.

Saba, na hili ni kubwa, sema ukweli. Kijana akiona aibu atasema ameanguka au amekula kitu kibaya. Daktari naye atatafuta ugonjwa mwingine huku saa zikienda. Mwambie daktari: "Alipulizwa na kompresa, hapa, saa fulani." Maneno hayo machache yanabadilisha vipimo vyote atakavyoagiza. Mzazi, mtoe mwanao hofu kabla hamjafika. Mwambie hakosi lolote kwa kusema.

Kama alifanyiwa na mtu mwingine, hilo ni kosa la jinai hata kama aliyefanya anasema alikuwa akitania. Fomu ya PF3 itahitajika. Mgonjwa atangulie hospitali, ndugu mwingine aende polisi kufuatilia fomu.

Mwisho, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda kwa yeyote mwenye jeraha lililochomwa na chuma au kuchafuliwa na udongo.

Tundu dogo kwenye kidole

Kuna jeraha jingine linalofanana na hili. Bomba la grisi na baadhi ya mashine za kupulizia rangi husukuma kwa nguvu kubwa kuliko hata kompresa. Fundi akiziba tundu kwa kidole, grisi au rangi hupenya ndani ya nyama. Nje huonekana alama kama ya sindano, na kwa saa za kwanza huenda asisikie maumivu makali. Ndani, mafuta hayo yanasafiri kwenye mkono na kuua nyama. Jeraha hilo linahitaji upasuaji wa haraka. Wanaosubiri siku mbili au tatu hujikuta wakikatwa kidole.

Tairi na tangi vinapopasuka

Hatari nyingine ni mlipuko. Tairi la lori au trekta likijazwa kupita kiasi, au rimu yake ya vipande ikiachia, chuma hurushwa kwa nguvu ya kuua. Fundi asisimame mbele ya rimu wala kuinama juu yake. Atumie mpira mrefu wenye geji, asimame upande wa kukanyagia tairi, na tairi kubwa liwekwe ndani ya kizimba cha chuma wakati wa kujazwa. Watoto wanaopenda kuchungulia wakae mbali kabisa.

Tangi nalo hupasuka. Hewa ina unyevu, na ikishindiliwa unyevu huo hugeuka maji yanayotuama chini ya tangi na kulitafuna kwa kutu kutokea ndani. Nje rangi inang'aa, ndani bati limebaki jembamba. Kila siku kazi ikiisha, upepo upunguzwe na maji yatolewe kwa kufungua koki iliyo chini ya tangi. Ni kazi ya dakika mbili.

Valvu ya usalama, ile inayoachia upepo unapozidi, isifungwe kwa waya wala kuzibwa ili mashine "ipige zaidi". Ijaribiwe mara kwa mara kuona kama inaachia. Tangi lenye kutu kubwa, ufa au linalovuja lisichomelewe na kurudishwa kazini, litolewe. Na usinunue tangi la mtumba ambalo hujui lilikotoka, wala lililotengenezwa kwa mtungi wa gesi.

Umeme, kelele na rangi

Kompresa ya umeme ina hatari zote za umeme. Iwe na waya wa ardhi, isiunganishwe kwa nyaya zilizochunwa na kuchomekwa kwenye soketi bila plagi, na isitumike kwenye mvua au sakafu yenye maji. Waya mwembamba wa kuongezea urefu hupata moto na kuchoma mota. Umeme ukikatika, zima swichi na uchomoe, maana ukirudi mashine inaweza kuanza yenyewe wakati mkono uko kwenye mkanda. Mkanda huo lazima uwe na kifuniko. Anayetaka kufungua mota akumbuke kwamba kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Kelele za kila siku huharibu usikivu polepole bila maumivu. Kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja mbele akusikie, masikio yako yanahitaji vizibo. Mashine iwekwe mbali na anapolala mtoto mchanga.

Wanaopiga rangi za magari wavae barakoa yenye kichujio cha kemikali. Kitambaa usoni hakitoshi. Baadhi ya rangi hizo zina kemikali zinazosababisha pumu. Rangi na petroli vikae mbali na kompresa, kwa sababu cheche ya swichi inaweza kuwasha mvuke wake.

Wapo wazazi wanaouliza kuhusu nebulaiza, mashine ndogo inayompa mtoto mwenye pumu dawa kwa njia ya mvuke. Nayo ndani yake ina kompresa, lakini imetengenezwa kwa tiba na msukumo wake ni mdogo. Kamwe usiunganishe kikombe cha nebulaiza kwenye kompresa ya gereji. Nguvu yake ni kubwa mno, na upepo wake una mafuta, kutu na maji machafu.

Mzazi uliyempeleka kijana gereji

Kumpeleka kijana kujifunza ufundi ni uamuzi wa maana. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi, na inakataza mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, kupewa kazi za hatari. Kazi katika sehemu zinazotumia mashine ni miongoni mwa zilizotajwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwenye kazi kuwalinda watu wake, na wakala wa OSHA hukagua mitambo yenye msukumo kama matangi ya kompresa.

Kabla ya kumkabidhi mwanao, fika mwenyewe. Mwulize fundi: Nani anaruhusiwa kushika mpira? Miwani ya kukinga macho iko wapi? Maji ya tangi yalitolewa lini? Mtu akiumia hapa mnampeleka wapi, na kwa usafiri gani? Fundi makini atakujibu bila kukasirika. Ukiona vijana wanapulizana na mkubwa wao anacheka, mrudishe mwanao nyumbani na utafute gereji nyingine.

Kisha kaa na mwanao jioni, umwambie mambo mawili. La kwanza, mpira wa upepo hauelekezwi kwa mtu yeyote. La pili, likitokea la kutokea, iwe ni ajali, utani au kulazimishwa, aje akwambie siku hiyo hiyo, nawe hutamchapa wala kumcheka. Katika majeraha ya aina hii, mtoto anayeweza kusema mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona.